Kuku wadogo wenye mafuta mengi tumboni: je, ni homoni?

Dada wa Ruai, umeeleza kwamba kuku wako wa nyama wa wiki 4 ni wadogo lakini wamejaa mafuta tumboni, na jirani anadai walilishwa homoni. Dai hilo liweke kando, kwani homoni ya ukuaji ni protini, ambayo ikitiwa katika chakula humeng'enywa tu.

Ninayoishuku ni homoni yao wenyewe. Kifaranga akisongamana na wenzake, au akipigwa na baridi, tezi zake za adrenali, zilizo karibu na figo, hutoa kotikosteroni, homoni ya msongo wa mwili, ambayo huvunja misuli na kulisukuma ini, ambalo ndilo kiwanda kikuu cha mafuta kwa kuku, litengeneze mafuta zaidi. Mimi nilipata hasara hiyo Julai moja, kwa kubania makaa ya jiko.

Wapanulie nafasi leo. Angalia pia chakula, kwani protini ikipungua na mahindi yakizidi, mafuta huongezeka hata bila msongo. Kundi lijalo lianze na joto la nyuzi 33 za Selsiasi hivi, ukipunguza takriban 3 kila wiki. Tumbo likijaa maji badala ya mafuta, au vifo vikianza, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.