Gemu yangu haina hitilafu, mbona watu hawaichezi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nimejifunza kuandika programu na nimemaliza gemu yangu ya kwanza. Mhusika anakimbia, anaruka mashimo, anaokota sarafu na kufika mwisho wa hatua. Haigandi wala haina hitilafu, lakini kila ninayempa anacheza dakika mbili tatu kisha ananirudishia simu. Nasikia gemu ina vipengele vyake vya msingi. Ni vipi, na mimi nimekosa kipi?

JIBU: Orodha yenyewe haina siri: lengo, kanuni, vitendo anavyoweza kufanya mchezaji, vikwazo, rasilimali, na mrejesho, yaani namna gemu inavyomjibu. Wengine huongeza hadithi na michoro. Mimi naviweka pembeni, kwa sababu drafti haina hadithi na bado watu huchelewa kulala kwa ajili yake.

Kwa maelezo yako, hujakosa hata kimoja. Tatizo ni kwamba kila kimoja kimekaa peke yake.

Tazama sarafu zako. Nadhani umezipanga njiani, mchezaji anazipitia na kuziokota. Je, kuna wakati wowote ambapo ni busara kuiacha sarafu? Kama hakuna, basi mchezaji hajaamua chochote, amefuata tu njia uliyomchorea. Sasa itundike moja juu ya shimo pana. Nyingine ifanye itoweke baada ya sekunde tatu, huku adui anakuja kutoka upande huohuo. Kisha sarafu 20 zinunue uhai mmoja. Hapo rasilimali imegusana na kikwazo na lengo, na mtu analazimika kupima: niifuate au niipite?

Mfano ninaoupenda ni Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka kutoka juu, aliyoibuni Alexey Pajitnov mwaka 1984. Maumbo saba, uwanja wa miraba 10 kwa 20, mstari ukijaa unafutika. Basi. Lakini angalia pointi za toleo la Nintendo la mwaka 1989: katika hatua ya mwanzo kabisa, kufuta mstari mmoja kunalipa 40, kufuta minne kwa mpigo kunalipa 1,200. Ukifuta minne mmojammoja unaambulia 160. Kwa hiyo mchezaji anaacha safu moja ya wima wazi pembeni akisubiri kipande kirefu cha kuijaza, huku rundo linapanda na kipande hakiji. Tamaa na hofu zote zimetoka kwenye kanuni moja ya pointi, bila adui hata mmoja.

Kwenye vikwazo, wengi huongeza maadui tu. Space Invaders ya mwaka 1978, gemu ya kufyatulia risasi kundi la maadui wanaoshuka, ilifanya kinyume: maadui wanavyopungua, waliobaki wanaenda kasi zaidi. Chanzo kilikuwa mashine yenyewe, maana picha zikipungua ilizichora haraka zaidi, na mbunifu wake, Tomohiro Nishikado, akaamua kuiacha hivyo. Ugumu unatokana na mafanikio ya mchezaji mwenyewe. Nawe jiulize: anayetumbukia shimoni kwenye gemu yako anapoteza nini? Kama anarudi palepale na sarafu zake zote, shimo hilo ni pambo.

Mrejesho ni suala la ufundi zaidi. Sauti na mwitikio vije papo hapo kitufe kinapobonywa. Na kwa kuwa gemu yako ni ya kuruka, mruhusu mchezaji aruke hata kama mguu umeshatoka ukingoni kwa fremu chache, yaani zile picha zinazopita mfululizo kwenye skrini. Kwenye gemu ya fremu 60 kwa sekunde, fremu tano hazifiki sehemu ya kumi ya sekunde. Hatagundua, ila ukimnyima atalalamika kwamba alibonyeza na gemu ikakataa.

Usitengeneze hatua mpya kwanza. Chukua hatua moja, toa michoro yote, weka miraba mitupu, badilisha sarafu na mashimo kama nilivyoeleza. Mpe mtu simu, unyamaze, wala usimwelekeze. Tazama anasita wapi. Akisita kwa kuwa haelewi, rekebisha mrejesho. Akisita kwa kuwa anapima, usipaguse hapo. Asiposita popote, rudi kwenye sarafu na bei zake, hata kama michoro uliyoitoa ilikuchukua wiki nzima.