Mkongwe Aliyeshuka Kiwango: Mchukueni, Mradi Mnalipwa Kumchukua

Msomaji mmoja ameniuliza swali fupi. Timu yake ya NBA iko mkiani, ina vijana wanne wasiozidi miaka 23, na kuna fununu kwamba inamtaka mkongwe aliyewahi kuwa All-Star (mmoja wa nyota wanaoteuliwa kila msimu) ambaye kwa misimu miwili sasa hafikii nusu ya alichokuwa. Achukuliwe au aachwe?

Achukuliwe, mradi timu inayomtoa ndiyo inayolipa. Timu inayojijenga upya ikitoa chaguo lake la raundi ya kwanza (haki ya kuchagua mapema kijana kwenye drafti, mgawanyo wa kila mwaka wa wachezaji wapya) ili kumpata mchezaji wa namna hii, imekosea siku ileile ya kusaini karatasi, hata mchezaji huyo akifufuka. Najua mashabiki wengi hawapendi kusikia hivyo. Wanakumbuka jina, wanakumbuka mechi zake za miaka ile, na wanaamini mazingira mapya yatamrudisha. Mara nyingine humrudisha kweli, lakini kurudi kwa mchezaji na faida kwa timu ni mambo mawili tofauti.

Detroit walilijua hilo kwa uchungu. Januari 2018 walimchukua Blake Griffin kutoka Clippers, naye alikuwa na mkataba mpya wa miaka mitano wa takriban dola milioni 171. Walitoa Tobias Harris, Avery Bradley, Boban Marjanović na chaguo la raundi ya kwanza. Msimu wa 2018-19 Griffin alicheza mechi 75 kwa wastani wa pointi 24.5, akaingia timu ya tatu ya All-NBA, orodha ya wachezaji bora wa msimu. Yaani alifanya kila alichoombwa kufanya. Detroit ikamaliza na ushindi 41 na vipigo 41, ikafagiliwa 4-0 na Milwaukee kwenye mchujo wa kuwania ubingwa. Msimu uliofuata goti lilimruhusu kucheza mechi 18 tu, na Machi 2021 mkataba ukavunjwa kwa makubaliano. Huo ndio mfano ninaopenda kuutoa, kwa sababu mchezaji hakuwaangusha. Bei ndiyo iliyowaangusha.

Sasa tazama Oklahoma City. Desemba 2020 Philadelphia walitaka kuutua mkataba wa Al Horford. Msimu mmoja tu walikuwa wamempanga pamoja na Joel Embiid, watu wawili wa chini ya ringi wakigombea nafasi moja, na kila mtu aliona mpango huo hauendi. Oklahoma City wakamchukua, wakapewa na chaguo la raundi ya kwanza la 2025. Wakamchezesha mahali pake, katikati, peke yake. Alicheza mechi 28 kwa wastani wa pointi 14.2, kisha mwezi Machi wakampumzisha ili dakika ziende kwa vijana. Juni 2021 wakampeleka Boston, nao Boston wakatoa Kemba Walker pamoja na chaguo la 16 la drafti ya mwaka huo. Chaguo hilo likapelekwa Houston kwa machaguo mawili ya baadaye. Mwaka mmoja baada ya kuondoka, Horford alikuwa akicheza fainali. Mkataba ulioonekana kuwa jiwe shingoni ulizalisha mali mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Zingatia kipengele kimoja ambacho watu hukiruka. Lile chaguo la Philadelphia lilikuwa na kinga ya nafasi 1 hadi 6, yaani likiangukia humo linabaki kwa Philadelphia. Mwaka 2025 Philadelphia wakaangukia nafasi ya tatu, chaguo likabaki kwao, deni likasogezwa mbele. Kwa hiyo ukisikia kwamba timu yako "imepewa raundi ya kwanza", uliza kinga inaanzia wapi, inaishia wapi, inapungua vipi kila mwaka, na mwisho wake inageuka kuwa nini. Kinga pana kwa miaka kadhaa, kisha chaguo likageuka raundi ya pili mbili, ni malipo madogo kuliko yanavyoandikwa kwenye vichwa vya habari.

Bei ikikubalika, ndipo mchezaji mwenyewe achunguzwe. Hapa kuna kazi, na ndipo watu wengi hukimbilia wastani wa pointi kana kwamba unaeleza kitu.

Swali la kwanza: kilichoshuka ni mkono, miguu au kazi aliyopewa? Mkono ndio unaodanganya zaidi. Mchezaji anayefunga asilimia 36 ya mitupo ya pointi tatu, akirusha mara 300 kwa msimu, anaweza kushuka hadi 33 bila kubadilika chochote. Ukipiga hesabu ya mtawanyiko unapata karibu asilimia 2.8 juu au chini kwa bahati peke yake. Msimu mmoja mbovu nje ya mstari haupaswi kumshusha mtu thamani. Angalia mitupo huru, ile ya baada ya faulo isiyokabwa na mtu: ikiwa bado ni ileile ya miaka yake mizuri, mkono upo.

Miguu haidanganyi. Hesabu ni mara ngapi anafika chini ya ringi kwa kila dakika 36, anapata mitupo huru mingapi kwa kila mitupo mia ya kawaida, ameiba mipira mingapi, amezuia mingapi, na amechukua ribaundi ngapi za upande wa mashambulizi. Hizi zote zinadai kuruka na hatua ya kwanza yenye kasi. Moja ikishuka msimu mmoja, si neno. Tatu zikishuka pamoja misimu miwili mfululizo, mwili umeanza kuondoka, na hakuna kocha atakayeurudisha. Kwa mchezaji aliyeishi kwa kasi hali huwa mbaya zaidi. John Wall alipochanika kano ya kisigino mapema mwaka 2019 alikuwa ameondokewa na kitu chenyewe kilichomfanya awe John Wall. Houston walimpokea Desemba 2020 kwa kumtoa Russell Westbrook, wakapata mechi 40, na msimu wa 2021-22 hakucheza hata mechi moja huku akilipwa zaidi ya dola milioni 44.

Takwimu zikishakupa picha, tazama mechi sita nzima, si vipande vya mabao. Mbili za mwanzo wa msimu, mbili za usiku wa pili timu inapocheza siku mbili mfululizo, mbili dhidi ya timu zenye walinzi wepesi. Usifuate mpira, mfuate yeye. Mpira ukipotea anarudi mbio au anatembea? Mpinzani akisimama njiani kumwekea kizuizi, anapita juu yake au anakata tamaa na kupita chini? Akimkimbilia mrushaji, miguu inasimama kwa wakati au anapitilizwa? Mtu mwenye kiwango kilichoshuka kwa sababu ya kuchoshwa na timu mbovu huonekana tofauti na aliyechoka mwili: wa kwanza hulegea robo ya pili na kuamka ya nne, wa pili huanza vizuri na kufifia.

Kazi ndiyo sababu nzuri kuliko zote za kumchukua mtu. Andrew Wiggins hakuwa mzee Februari 2020, alikuwa na miaka 24, ila alikuwa katika msimu wa sita na kule Minnesota alishabandikwa jina la mchezaji aliyeshindwa. Tatizo lilikuwa kutakiwa kuwa nguzo ya mashambulizi. Golden State, waliomchukua mwezi huo na ambao msimu huo walimaliza mwisho kwa ushindi 15 na vipigo 50, wakampa kazi ya kumkaba mfungaji hatari wa wapinzani na kufunga kinachobaki. Minnesota waliongeza na chaguo la raundi ya kwanza, ambalo mwaka 2021 likawa namba 7, Jonathan Kuminga. Mwaka 2022 Wiggins alianza mechi ya All-Star na akawa bingwa. Hakujifunza mtupo mpya. Alipunguziwa mzigo, na nguvu zilizobaki zikaenda kwenye ulinzi.

Upande wa vitabu, timu inayojijenga ina silaha moja ambayo mabingwa hawana, nayo ni nafasi chini ya ukomo wa mishahara. Msimu wa 2025-26 ukomo huo uliwekwa kuwa dola milioni 154.647, na kila timu inatakiwa kutumia angalau asilimia 90 yake, la sivyo inapoteza mgawo wake wa fedha za kodi ya anasa, inayotozwa timu zenye mishahara mikubwa mno. Kwa maneno mengine, timu yenye vijana wa mishahara midogo lazima imlipe mtu fulani. Wakati huohuo, timu iliyovuka aproni ya kwanza (kiwango cha mishahara kilicho juu ya ukomo, chenye masharti yake) hairuhusiwi kupokea hata dola moja zaidi ya inayotoa, na iliyovuka ya pili haiwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kumpata mmoja. Timu hizo zinabanwa. Zikikupigia simu kuhusu mkongwe wao, hazikufanyii hisani. Inaniudhi sana kuona meneja mkuu mwenye nafasi ya milioni 30 akishukuru kupewa raundi za pili mbili.

Kuhusu dakika, sina maneno mengi. Mkongwe asichukue mpira kutoka kwa kijana mnayemjengea timu. Mkongwe Chris Paul alipofika Oklahoma City 2019, kijana Shai Gilgeous-Alexander hakusukumwa pembeni. Walicheza pamoja, mara nyingi na Dennis Schröder akiwa wa tatu, na Shai akapanda kutoka pointi 10.8 hadi 19.0. Kama kocha wako hawezi kuchora mpangilio wa namna hiyo kabla ya biashara, asubiri.

Lipo swali ambalo huulizwa mwisho na lingepaswa kuwa la pili baada ya bei: chaguo lenu la drafti la mwaka huu ni la nani? Ikiwa ni lenu, kila ushindi wa mkongwe unaweza kuwashusha kwenye bahati nasibu ya kupanga nani achague kwanza. Ikiwa si lenu, hamna sababu ya kuogopa kushinda. Brooklyn walikuwa hivyo. Machaguo yao yalikuwa yamekwenda Boston tangu 2013, kwa hiyo mwaka 2017 wakamchukua DeMarre Carroll kutoka Toronto, pamoja na raundi ya kwanza na ya pili, wakamtoa Justin Hamilton tu. Carroll akapata wastani wa pointi 13.5, bora kuliko msimu wowote wake wa nyuma. Brooklyn ikatoka ushindi 28 hadi 42 na kuingia mchujo msimu wa pili.

Na kabla hajafika uwanja wa ndege, mlango wa kutokea uwe umeandikwa. Miaka mingapi imebaki, je, mwaka wa mwisho ni hiari ya mchezaji, je, mkataba una nyongeza ya kuhamishwa ambayo inaweza kufika asilimia 15? Mkataba wenye msimu mmoja na nusu ndio mtamu: mnapata vipindi viwili vya Februari vya kumuuza, na wa pili unamkuta akiwa na mkataba unaoisha, kitu ambacho timu nyingi hukitaka. Ikishindikana kabisa, kuna kuachana naye na kuzitandaza fedha anazodai kwa miaka iliyobaki mara mbili ukiongeza mmoja. Milioni 40 za miaka miwili zinakuwa milioni 8 kwa miaka mitano. Milioni hizo nane zitakuwa bado vitabuni siku vijana wenu wanne watakapodai mikataba mipya. Kama mnaachana kwa makubaliano, malizeni kabla ya Machi 1, kwa sababu anayeachwa baada ya tarehe hiyo hawezi kucheza mchujo na timu nyingine, na mchezaji asiye na pa kwenda hana sababu ya kuwapunguzia hata senti.