Muuaji wa mfululizo Nairobi: riwaya yako isiishe kwa kukiri

Ndugu, nimesoma muhtasari wako pamoja na zile sura tatu ulizobandika: makachero watano, wanawake wanauawa Eastlands, inspekta mlevi mwenye kipaji, na mwishoni muuaji anakiri yote usiku katika chumba cha mahojiano pale makao makuu ya DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, barabara ya Kiambu. Umeuliza kama polisi wako wanaaminika. Wanaaminika. Huo mwisho ndio unaonikwaza. Nimekuwa karani wa mahakama miaka mingi, nikitafsiri kwenye kesi za mauaji, na wapelelezi nimewasikia wakibanwa kizimbani hadi jasho linawatoka.

Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inasema kukiri hakukubaliki mpaka kufanyike mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa na sheria na ambaye si yeye anayepeleleza kesi hiyo, tena awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Sasa mtazame inspekta wako. Kesi ni yake mwenyewe, na chumbani wako wawili tu. Wakili wa utetezi atasimama, atakohoa kidogo, na sura yako ya mwisho itabaki karatasi ya kufungia njugu.

Wala haya hayako kwenye vitabu vya sheria tu. Julai 2024, miili ilipoopolewa kwenye timbo la Kware, Mukuru kwa Njenga, mshukiwa alikamatwa siku chache baadaye, na polisi wakatangaza kwamba amekiri kuua wanawake 42. Alipofikishwa mahakama ya Makadara, wakili wake akasema mteja wake aliteswa ndipo akayasema hayo. Korti ikaruhusu azuiliwe siku 30. Agosti 20 akatoroka seli za kituo cha Gigiri pamoja na wengine 12. Oktoba 2021 mshukiwa mwingine, aliyesemekana kukiri kuua watoto zaidi ya kumi, alitoroka kituo cha Jogoo Road, akauawa na umati huko Bungoma kabla kesi haijasikizwa. Ndiyo maana nakwambia kukiri ukuweke katikati ya kitabu. Muuaji ameshasema, magazeti yameshaandika, Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, na kikosi kikifungua faili hakikuti kitu cha kusimama nacho mbele ya jaji.

Swali jingine. Tangu ukurasa wa kwanza kikosi chako kinajua kwamba muuaji ni mmoja. Nani alikiambia? Yule mama wa sura ya tatu anaripoti kwamba binti yake amepotea, anapewa nambari ya OB, lile daftari la matukio la kituo, anaambiwa arudi kesho kutwa. Mwili unaokotwa eneo la kituo kingine, unapelekwa makafani ya City kule barabara ya Ngong, unaandikwa "mwanamke asiyejulikana". Faili mbili, OCS (wakuu wa vituo) wawili, na hakuna anayesoma OB ya mwenzake. Alama za vidole zingemtambulisha kama ana kitambulisho. Kama hajatimiza miaka 18, alama zake haziko kwenye sajili ya vitambulisho, basi inabaki DNA, na DNA inataka mzazi wa kulinganishwa naye. Mzazi huyo ndiye anayesubiri kesho kutwa kwenye kile kituo kingine! Mimi kazi ya kuunganisha faili hizo ningempa mhudumu wa makafani. Yeye ndiye anayevua nguo, anayekata kamba, anayeweza kusema, "Fundo hili nimelifungua mwezi uliopita." Inspekta wako ana kipaji, sawa, lakini fundo la kwanza hakuliona.

Ukitaka muda uwabane, achana na zile barua za muuaji kwa wahariri. Kaunti hutoa tangazo gazetini la miili isiyodaiwa. Familia zikikosa kujitokeza katika muda uliowekwa, miili inazikwa kwa idhini ya korti. Mwili wa pili na uwe kwenye orodha hiyo.

Na kuna jambo moja nililolishuhudia nikiwa hatua mbili tu kutoka kizimbani. Konstebo kijana, suti imembana mabegani, anakabidhiwa bahasha ya kaki. "Afande, uliifunga wewe?" Ndiyo. "Mwandiko huu ni wako?" Ni wangu. "Na selotepu hii?" Anaigeuza, anaisogeza karibu na macho. Upande mmoja ulikuwa umefunguliwa na kubandikwa tena, na juu ya ile selotepu hapakuwa na sahihi ya mtu. "Iliendea hivi kwa Mkemia wa Serikali, au ilirudia hivi?" Hakujua. Bahasha ilikuwa imeshaandikwa MFI 4, yaani imetambuliwa tu, haijapokewa kuwa kielelezo, na kwa siku ile ilibaki hivyo hivyo. Kitu kama hicho ukipande mapema kitabuni. Mmoja wa makachero wako afungue bahasha usiku kwa nia njema, aibandike, asahau. Msomaji ajue, wenzake wasijue, kisha tuisubiri kesi kwa hofu.

Mengine ni madogo. Data ya simu lazima ije na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria hiyo ya Ushahidi, la sivyo wakili ataiwekea pingamizi. Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, kwa hiyo usimfanye hakimu kumuuliza mshukiwa kama amekubali mashtaka. Tena kabla ya kujibu, mshtakiwa hupelekwa kupimwa akili, na kwa hapa Nairobi ni hospitali ya Mathari. Konstebo wako anamwita inspekta kwa jina mbele za watu, hilo hapana, atasema "mkubwa". Ulevi nao umenichosha, kila kachero wa riwaya ana chupa kwenye droo. Mpe mkopo wa sako, chama cha akiba na mikopo, unaomkata mshahara, tutamwelewa haraka zaidi.

Sura ya tatu usiiguse. Yule mama anapoulizwa binti alikuwa amevaa nini, akataja sweta, halafu akaanza kueleza sweta ilinunuliwa wapi, na askari wa kaunta ameshaacha kuandika, pale umepatia. Mrudishe mama huyo kwenye sura ya kesi, awe shahidi wa kwanza, na aulizwe tena ile sweta.