Re: Bafe ya vyakula vya baharini Saigon (Vietnam), mbona bili inazidi bei ya tangazo?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini tangazo la hoteli linasema dong 1,500,000 (pesa ya huko) kwa kichwa, ila mwenzako alilipa zaidi ya hapo, na kama kambakochi ni kula hadi ushibe.

Kwanza angalia alama ya ++ pembeni ya bei. Ile ina maana ada ya huduma, mara nyingi 5%, halafu kodi juu yake. Kodi ikiwa 8%, hiyo 1,500,000 inakuwa 1,701,000. Mimi niliiona kaunta, mkononi nina pesa kamili ya tangazo!

Kambakochi uliza unapoweka nafasi. Nilikokula mimi kila mtu alipewa kuponi ya nusu ya kambakochi mmoja, wa kuchoma na jibini. Chaza na kaa ndio bila kikomo. Anzia kwenye chaza, wali uache kabisa. Na usikose kichovyeo chao cha chumvi, pilipili manga na ndimu: unakamulia ndimu mwenyewe, unakoroga, unachovya kaa. Mtamu mno.

Usijaze sahani, sehemu nyingi hutoza mabaki. Vinywaji uliza pia, kwangu vilikuwa bili ya pembeni.