Buabua, shakwe au mbayuwayu wa bahari?

SWALI: Mhariri, ndege wadogo weupe wa baharini naona wakiitwa shakwe na wengine buabua. Je, ni ndege mmoja mwenye majina mawili?

JIBU: La, ni ndege wawili, ingawa ni wa jamaa moja na mazoea ya kuwachanganya ni ya kawaida. Shakwe ana mwili mnene, mkia usio na panda, naye hupenda kutua majini na kuokota chochote kinacholika. Ilhali buabua ni mwembamba, ana mabawa marefu yaliyochongoka, na mara nyingi huvaa kofia nyeusi utosini. Mtazame akiwinda: husimama hewani akipigapiga mabawa, mdomo ukielekea chini, kisha hujitupa majini kichwa mbele na kuibuka na kidagaa.

Mkia wake wenye panda ndio uliowafanya Wajerumani na Wafaransa wamwite mbayuwayu wa bahari, na hata Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alipompa buabua mmoja jina la kisayansi Sterna hirundo mwaka 1758, alitumia neno la Kilatini la mbayuwayu. Ni jina zuri lakini linapotosha, kwa maana mbayuwayu hana undugu wa karibu naye. Jina la Anous stolidus, buabua wa kahawia, ndilo lisilo na huruma: stolidus maana yake ni mpumbavu, kisa tu hakuwaogopa mabaharia waliomkamata kwa mikono.