Wakirudi na Karatasi Zao, Waombeni Nakala

Barua za wasomaji kuhusu ardhi na makazi, zinajibiwa na afisa mipangomiji mstaafu

*Shikamoo mama. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa kando ya mto Msimbazi. Mwaka jana walikuja vijana wa chuo kikuu, kama kumi na wawili hivi, wana simu na karatasi kubwa zenye picha ya mtaa wetu iliyopigwa kutoka angani. Wiki mbili nzima walipita kila uchochoro. Waliuliza mvua ikinyesha maji yanafika wapi, kwenye kifundo, gotini au kiunoni. Watu wanatapishia wapi vyoo. Kalavati lipi limeziba. Mmoja aliandika namba kwa chaki ukutani kwa mama muuza mihogo. Yule mama alitoka na ndoo akafuta palepale, akidhani ndiyo ile X ya kubomolewa. Walisema wametumwa na kituo cha chuo chao kinachoshughulika na makazi. Tangu waondoke kimya. Watu wananiuliza mimi kwa sababu ndiye niliyewatembeza. Chuo kina mamlaka gani kwetu? Na hizo ramani si ndizo zitakazotuondoa?*
Mjumbe, Ilala

Marahaba mwanangu, na huyo mama wa mihogo mpe salamu zangu. Alikuwa na haki ya kufuta. Ukuta ni wake, na hakuna aliyemweleza.

Mamlaka kwanza. Chuo hakina mamlaka ya kuhamisha hata genge la nyanya. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, anayepanga mji ni halmashauri, na michoro inaidhinishwa na wizara yenye dhamana ya ardhi. Kituo cha chuo kinapima, kinahesabu, kinachora na kushauri. Basi. Lakini usikidharau kwa hilo, maana halmashauri nyingi zina maofisa mipangomiji wachache mno kwa ukubwa wa kazi. Vijana kumi na wawili wakipita mtaani wiki mbili wanaona mambo ambayo ofisa mmoja mwenye mafaili mia mezani hatayaona mwaka mzima.

Kazi hii si ngeni hapa kwetu. Chuo Kikuu Ardhi kilianza mwaka 1956 kama mahali pa kufundishia upimaji, kikapita katika majina kadhaa hadi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mwaka 2011 wanafunzi wake waliingia Tandale na kuchora ramani ya kata ile pamoja na wakazi. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kata za bondeni wakichora nyumba, mifereji na sehemu zinazofurika. Ramani zile ziko wazi kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuzifungua, nawe pia kwa simu yako.

Mfano ninaoupenda kuliko yote lakini ni wa zamani: Hananasif, Kinondoni, miaka ya tisini. Mvua ilikuwa ikiingia vyumbani. Mradi ulipokuja, wakazi wenyewe ndio waliochimba mifereji na kuijenga kwa mawe, wakilipwa, wanawake wakiwemo, na katika awamu ya pili wataalamu wa chuo cha Ardhi (wakati huo kikiitwa UCLAS) wakasimama pembeni kwa ushauri wa kitaalamu. Nilipita pale siku moja nikamkuta dada mmoja kajifunga kanga kiunoni, kashika kamba yenye alama za rangi, anamkatalia fundi: hapa mteremko umepungua, maji yatalala. Fundi akapima upya. Kweli, ulikuwa umepungua. Yule dada hakuwa amesomea popote, ila aliwahi kuamka usiku na kukuta godoro la mwanawe linaelea. Mtu wa namna hiyo akikutana na mtu mwenye kipimo, mtaa unapata mfereji unaopitisha maji.

Nami nina la kwangu. Nikiwa kijana kazini, nilichora mpango wa mji mdogo fulani kwa kutegemea picha za anga za miaka mingi nyuma. Barabara yangu ilinyooka vizuri sana, ikapita juu ya chemchemi ambayo wanawake wa pale walichota maji tangu enzi za bibi zao. Sikuwa nimekanyaga pale. Mchoro ulipopelekwa mtaani, bibi mmoja aliuangalia akaniuliza taratibu: "Mwanangu, na maji tutakunywa wapi?" Barabara ilihamishwa, lakini swali lile sijalisahau hadi leo. Kwa hiyo ninaposikia wanafunzi wanauliza kifundo, goti au kiuno, mimi nafurahi. Wanauliza kile ambacho picha ya kutoka juu haiwezi kusema.

Sasa hofu yenu ya kuondolewa. Sitakuficha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Katazo hilo lilikuwepo kabla ya vijana hawa, na lingekuwepo wasingekuja. Ramani yao inaweza kutumika na anayetaka kujenga mfereji, na inaweza kutumika na anayetaka kuwaondoa. Ndiyo maana nasema isikae kwao peke yao. Mtaa wenye ramani unaweza kuonyesha nyumba ngapi zipo, tangu lini, watoto wangapi wanavuka mto kwenda shule. Usiokuwa nayo unaambiwa tu mko wengi kinyume cha sheria.

Tena Msimbazi si mto wa mtaa mmoja. Unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita halmashauri tofauti, unamwagika baharini karibu na Daraja la Salender. Mtu akichimba mchanga huko juu au akimwaga taka mtoni, ninyi wa chini ndio mnaolala juu ya meza. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kwenda kumkemea mtu wa mkoa mwingine. Diwani naye anaishia mpaka wa kata. Kituo cha chuo kinaweza kulitazama bonde zima kwa pamoja, kutoka kilimani hadi baharini, bila kusubiri ruhusa ya mpaka wa utawala. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na ndiyo mnayopaswa kuidai.

Fanyeni hivi. Andikeni barua yenye mhuri wa mtaa kwenda kwa mkuu wa kituo, mkitaja tarehe walizokuja, na muombe nakala ya ramani iliyochapishwa kubwa pamoja na mtu wa kuja kuisoma mbele ya mkutano wa mtaa. Wakija, itisheni mkutano jioni, si saa nne asubuhi wakati watu wako kazini. Mkikuta kosa, lisahihishwe palepale kwa kalamu. Kisha bandikeni moja ofisi ya mtaa, na nyingine diwani aende nayo kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mnapopanga vipaumbele kwa utaratibu wa fursa na vikwazo, yaani kuorodhesha mlicho nacho na kinachowakwamisha. Ukisema "mifereji ni mibovu" utaandikiwa sentensi moja kwenye muhtasari. Ukionyesha kalavati namba saba, lililoziba, lenye nyumba arobaini nyuma yake, mhandisi atalazimika kujibu kuhusu kalavati namba saba.

*Mimi naishi Nairobi. Nasikia Mukuru, mitaa ya mabanda ya hapa, walipangiwa mji na vyuo vikuu. Mbona sisi wengine hatupati bahati hiyo?*
Msomaji, Nairobi

Haikuwa bahati, ndugu yangu. Wakazi wa Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani walikuwa wameshajipanga na kujihesabu miaka mingi kabla, kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda. Mwaka 2017 kaunti ilipotangaza eneo lile kuwa eneo maalum la mipango, yaani eneo la kupangwa kwa namna yake ya pekee, vyuo kama Nairobi na Strathmore viliwakuta watu wenye takwimu mkononi. Wakabishana mengi, na kubwa lilikuwa upana wa barabara. Ukitumia viwango vya kawaida, unabomoa nyumba nyingi mno. Wakakubaliana kupunguza upana ili watu wengi wabaki.

Nakuomba lakini usidhani mpango ni ngao. Mwaka 2021 nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara, watu wakalala nje na watoto wao. Iliniuma sana. Anzeni kujihesabu wenyewe, hata kwa daftari la shule, ila mjue daftari hilo litahitaji kulindwa mahakamani na kwenye uchaguzi pia.

*Shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi wa mipangomiji mwaka wa tatu. Mwezi ujao tunaenda mtaani kukusanya takwimu. Tubebe nini?*
Mwanafunzi, Dar es Salaam

Marahaba binti yangu. Simu yenye chaji, viatu vya kuingia kwenye tope, na picha ya anga iliyochapishwa kubwa kiasi cha watu watano kuinamia kwa pamoja. Wape wazee kalamu, wachore wao. Waulize wanawake peke yao kuhusu maji na vyoo, maana mbele ya wanaume watanyamaza. Kabla hamjaondoka, mwachieni mwenyekiti wa mtaa jina la mwalimu wenu na tarehe ya kurudi. Mrudi siku hiyo, hata kama matokeo hayajakamilika.

Na kabla ya kuandika namba kwenye ukuta wa mtu, pigeni hodi.