Mirungi inapokata, usiuamini moyo wako

Kwa miaka 4, nikiwa utingo wa lori la mizigo kati ya Arusha na Dar es Salaam, karibu kila safari ya usiku nilitafuna mirungi pamoja na bablishi, nikiamini kwamba inanipa nguvu. Utamu wake sitauelezea. Ninalotaka kulieleza ni saa zile ambazo stimu inakata, kwa kuwa ndizo zilizokaribia kunivunjia nyumba.

Jani bichi la mirungi lina kathinoni, kemikali iliyo jamaa ya karibu ya amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, nayo huharibika jani linapokauka, ndiyo maana wauzaji huvifunga vifurushi vyao kwa majani ya mgomba. Kathinoni haileti nguvu mpya yoyote. Huzisukuma seli za ubongo zimwage dopamini na noradrenalini, kemikali za ubongo za kumchangamsha mtu, zilizokuwa zimehifadhiwa, kisha huzuia zisirudishwe ndani kama ilivyo desturi, hivyo mtu huchangamka, husema sana na kusahau njaa. Saa chache baadaye kathinoni hupungua mwilini na kuliacha ghala limepungukiwa. Hapo mtu huwa mzito wa moyo na mwepesi wa hasira, huku usingizi ukimgomea kwa sababu mwili wenyewe bado haujatulia.

Nakumbuka asubuhi moja nyumbani kwetu Ngarenaro, nimekaa ukingoni mwa kitanda yapata saa nne, nikichomoa uzi wa shuka, taya zinauma na ulimi una ukakasi. Mke wangu akaniambia kwa upole, "Baba Neema, uji unapoa," nami nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Niliamini kabisa kwamba nimemchoka. Jioni, baada ya kulala, niliitafuta chuki ile nisiione.

Kwa hiyo, ukiwa katika hali hiyo, usiache kazi, usidai talaka wala usimpigie mtu simu ya ugomvi mpaka uwe umelala na kula. Usitafune tena ili kuuondoa uzito huo, kwani utakuwa unachota katika ghala ambalo halijajazwa, wala usiutafute usingizi kwa pombe kali au vidonge, ambavyo vikichanganywa vinaweza kudhoofisha upumuaji. (Kwamba sheria yetu inaikataza mirungi, wakati ng'ambo ya Namanga, upande wa Kenya, inauzwa hadharani, ni mjadala mwingine.) Anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayewaza kujiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Nilipoacha kabisa, uchovu na ndoto za kutisha viliniandama kwa siku kadhaa, kisha vikaniachia. Siku hizi ninabeba chupa ya chai ya tangawizi, na usingizi ukituzidi ninamwomba dereva tusimame Same tulale. Mzigo huchelewa kidogo, na mwenye lori hunung'unika.